Tauni ya Nairobi

Mwaka 1902, msomaji mpenzi, tauni iliingia katika mtaa wa maduka ya Wahindi mjini Nairobi. Serikali ikaamuru mtaa huo uteketezwe kwa moto. Ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya, na panya hustawi penye taka. Kinga yake ni usafi na nyumba bora kwa wote. Walakini Profesa W. J. Simpson, aliyeletwa mwaka 1913 kuchunguza afya ya miji, alishauri watu watengwe kwa rangi zao. Mwaka 1923 Uingereza iliacha mpango wa kuwatenga Wahindi na Wazungu mijini. Waafrika wakaendelea kupangiwa mitaa yao. Basi usomapo amri yoyote ya afya, uliza kwanza: nani alindwaye, na nani achomewaye nyumba?