Kwa nini Yusuf aliwakimbilia askari?

Ukikutana na mtu aliyemaliza Paradise ya Abdulrazak Gurnah, au Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mazungumzo yatafika tu kwenye ukurasa wa mwisho. Yusuf, kijana tuliyemfuata tangu ana miaka 12, anatoka mafichoni na kukimbia kuwafuata askari wa Mjerumani. Wasomaji wengi hukasirika. Yaani umtoroke tajiri, halafu ujipeleke mwenyewe kwa mkoloni? Wengine wanaita woga, wengine wanasema ni utoto tu.

Mimi naona uamuzi ule haueleweki bila historia ya neno moja: rehani.

Baba yake Yusuf ana deni kwa tajiri Aziz. Hana cha kulipa, anamtoa mtoto. Yusuf anapanda treni akidhani anakwenda kwa mjomba, mpaka Khalil, aliyemtangulia dukani, anapomwambia wazi kwamba yule si mjomba wake. Gurnah hakulibuni jambo hili. Watu kuwekwa rehani kulijulikana pwani na bara, hasa njaa na madeni yalipobana. Na rehani ina ugumu wake. Mtumwa alikuwa na jina katika sheria: Wajerumani walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru, na mwaka 1922, chini ya Waingereza, utumwa ukafutwa Tanganyika. Sasa Yusuf, ambaye hakuna anayemwita mtumwa, nani atamwachia huru? Anashikwa na heshima, shukrani, na deni ambalo aliyelikopa amekwisha kufa.

Hebu watazame anaoishi nao. Deni la nyumbani kwa kina Khalil lilihesabiwa limekwisha Amina alipoolewa na Aziz. Basi Khalil aende zake! Haendi. Mzee Hamdani, mtunza bustani, alipewa uhuru akaukataa, akisema kwamba uhuru wake haukuwa mali ya mtu mwingine kumgawia. Jibu zuri sana, na mimi nililipenda. Lakini kesho yake bado anamwagilia bustani ya tajiri. Nadhani Yusuf aliiona ndani ya watu hawa wawili picha ya uzee wake mwenyewe.

Kisha kuna Sura ya Yusuf, ambayo Gurnah haifichi: mke wa Aziz, na shati lililochanwa kwa nyuma. Wengi hukumbuka nguo, wakasahau kwamba Nabii Yusuf alisema gereza ni afadhali kwake kuliko alichoitiwa. Kijana wa riwaya naye anachagua gereza. Ila gereza la Nabii lilikuwa na njia ya kutokea, ndoto ya mfalme, halafu hazina za Misri. Mbele ya huyu hakuna mfalme anayeota.

Alijua askari ni watu gani? Alijua. Ametoka tu kuwaona wakikamata wanaume kwa nguvu. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, viliacha sifa mbaya ya jeshi lile kila mahali. Hata hivyo, kwa vijana wengi wasio na ukoo wa kuwategemea, uaskari ulileta mshahara, bunduki na jina la kuheshimiwa. Waliokamatwa walibebeshwa mizigo, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu kabla Lettow-Vorbeck hajasalimu amri huko Abercorn, leo Mbala, Zambia, Novemba 1918. Riwaya haituambii Yusuf angepewa bunduki au mzigo.

Ninachoshindwa kumsamehe ni Amina. Anakimbia peke yake, na Amina anabaki ndani ya kuta zilezile. Labda ndiyo sababu machozi yanamchoma. Ameshawaona mbwa wakila kinyesi pale walipopiga kambi askari, akajiona yeye mwenyewe. Nyuma yake anasikia kama milango inakomewa.

Miaka 26 baadaye, katika Afterlives, Gurnah alituletea Hamza, kijana mwingine aliyemtoroka tajiri na kujiunga na jeshi lilelile kwa hiari. Huyo anaanza kujuta mapema. Vita vikiisha anarudi mjini akichechemea, hana ndugu hata mmoja, anabisha hodi kwa mfanyabiashara kuomba kazi.