Mfinyanzi wa Mtaa wa Dorchester

Mwaka 2007, katika kituo cha sanaa cha Hyde Park mjini Chicago, wageni walialikwa kula mapishi ya Kijapani yaliyochanganywa na yale ya Wamarekani weusi wa kusini. Sahani, waliambiwa, ni kazi ya Yamaguchi, mfinyanzi wa Kijapani aliyehamia Mississippi akaoa mwanamke mweusi. Hata mwanawe alikuwepo.

Yote yalikuwa ya kutungwa. Yamaguchi hakupata kuzaliwa, "mwanawe" alikuwa akiigiza tu, na sahani zilitoka mikononi mwa Theaster Gates, mwenyeji wa Chicago, ambaye vyombo alivyouza kwa jina lake mwenyewe havikuwa vimemshtua mtu. Udongo ule ule, mikono ile ile. Kilichobadilika ni hadithi iliyobebwa na sahani. Gates hakulisahau somo hilo.

Alizaliwa mwaka 1973, mtoto wa tisa na mvulana pekee katika nyumba ya fundi wa kuezeka mapaa kwa lami. Chuoni Iowa alisoma ufinyanzi pamoja na mipango miji, kisha Cape Town akasoma sanaa na dini. Mwaka 1999 alikwenda Tokoname, mji wa Japani ambao umechoma vyungu kwa karne nyingi. Aliporudi aliajiriwa na mamlaka ya usafiri ya Chicago kushughulikia sanaa za vituoni. Ajira hiyo huwa haina mvuto kwa wanaosimulia habari zake, lakini mfinyanzi asiyejua njia za vibali na vikao asingeyaweza yaliyofuata.

Mwaka 2006 alinunua lililokuwa duka la peremende katika mtaa wa Dorchester, upande wa kusini wa jiji, wanakoishi weusi wengi na ambako majengo matupu hayakuwa haba. Msukosuko wa fedha wa 2008 uliporomosha bei, akainunua na nyumba ya jirani. Ndani ya majengo hayo akaingiza vilivyotupwa na wengine: vitabu kama 14,000 vya duka la usanifu majengo lililofungwa, santuri 8,000 za duka jingine, na slaidi za vioo 60,000 ambazo Chuo Kikuu cha Chicago hakikuzihitaji tena. Watu wakaanza kuja kula, kusoma na kusikiliza muziki. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Huyu aliuwahi ukiwa umeshakauka, wakati wengine wamekwisha kuufagia.

Jaribio kubwa lilikuwa benki. Jengo la Stony Island, lililojengwa mwaka 1923, lilikuwa gofu lililosubiri kubomolewa. Jiji lilimuuzia kwa dola 1, kwa sharti kwamba fedha za ukarabati, mamilioni ya dola, azitafute mwenyewe. Gates alichukua marumaru za vyoo vya jengo hilo, akazikata vipande na kuchora juu yake kaulimbiu ya noti za Marekani, ila mahali pa Mungu akaweka sanaa. Kisha, mwaka 2013, akaviuza kama hatifungani kwenye maonyesho ya Basel, dola 5,000 kila kimoja. Matajiri wakanunua marumaru za chooni. Yamaguchi angecheka.

Benki ilifunguliwa Oktoba 2015, ikiwa na maktaba ya wachapishaji wa magazeti ya Ebony na Jet, na santuri za Frankie Knuckles, baba wa muziki wa house. Wapo wanaouliza kama sanaa ya namna hii haiwi mtangulizi wa madalali wa nyumba. Swali ni la haki, na hatifungani za marumaru hazilijibu.

Mwaka 2018 kazi zake zilizinduliwa katika kituo cha treni cha mtaa wa 95, chini ya mamlaka ile ile iliyomwajiri zamani. Miaka minne baadaye, katika bustani ya Kensington mjini London, alisimamisha jengo jeusi la mviringo, refu mita zaidi ya 10, lenye tundu la kupitisha mwanga paani. Umbo lake lilitokana na matanuri ya wafinyanzi wa Stoke-on-Trent. Mlangoni iliwekwa kengele ya kanisa lililobomolewa huko Chicago kusini, na ndani zikatundikwa picha saba za lami, kwa heshima ya baba yake.