Kusadikika

Kusadikika ni riwaya fupi ya Shaaban Robert (1909–1962), iliyochapishwa mwaka 1951, Tanganyika ilipokuwa eneo la udhamini chini ya Uingereza. Ni istiara ya kisiasa. Katika nchi inayoelea angani, Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kueneza elimu ya uanasheria. Akijitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa ng'ambo kutafuta maarifa, wakafungwa waliporudi. Mwandishi mwenyewe alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kazi aliyoianza mwaka 1926. Kwa hiyo wahakiki wengi huuona ufumbo wa kitabu kuwa njia ya kuukosoa utawala bila kuutaja. Msomaji asiyejua mazingira hayo huweza kuichukulia kuwa ngano tu.