Mwalimu Davis na Ala ya Mwanafunzi Wake

Apendaye kujua jinsi mtoto achaguliwavyo ala katika bendi ya shule, na aitazame habari ya Louis Armstrong. Usiku wa kuamkia mwaka 1913, naye ana umri wa miaka 11, alifyatua bastola njiani mjini New Orleans, Marekani, akapelekwa Colored Waif's Home, nyumba ya kuwarudi watoto weusi wakosefu. Bendi ya huko ilifundishwa na Peter Davis.

Davis hakumwamini, kwa sababu ya mtaa alikotoka. Alimpa kwanza tari. Alipoona mkono haukosi mapigo, akampa ngoma. Kisha pembe ya shaba ya sauti ya kati. Hapo ndipo penye jambo. Pembe hiyo kwa kawaida haichukui wimbo wenyewe, bali huujaza. Na Armstrong, ambaye alikuwa akiimba mitaani na wenzake, alikwisha zoea kutafuta sauti yake kando ya sauti za wengine. Sikio lilikuwa tayari, ilibaki midomo. Baadaye alikabidhiwa buruji, isiyo na vitufe vya kubonyeza, ambayo kila sauti yake hutengenezwa kwa midomo na pumzi. Ndipo akapewa korneti, na mwisho uongozi wa bendi.

Waweza kumsifu Davis kwa subira. Mimi naona subira ile ilizaliwa na shaka, wala si hekima. Lakini ilimpa nafasi ya kumsikiliza mtoto kabla ya kumchagulia. Armstrong alitoka mwaka 1914. Mwaka 1931, akiwa mashuhuri, alirudi kuizuru nyumba ile, akamkuta Davis.