Je, Pato Kubwa Humponza Muuzaji?

Watu wengi huamini kwamba mtumishi apataye fedha nyingi ndiye wa kwanza kuondolewa kampuni inapopunguza watu. Hoja yao ni rahisi kufahamika: akiondolewa mmoja mwenye ujira mkubwa, huokolewa fedha sawa na ujira wa wadogo kadhaa. Lakini je, hoja hiyo yamhusu pia muuzaji, ambaye pato lake hutokana na bidhaa anazouza? Na tuitazame historia.

Mnamo mwaka 1884, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, John H. Patterson alinunua kampuni ndogo iliyotengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani, akaiita National Cash Register. Mashine hizo zilikuwa ngeni, na makarani wengi wa maduka walizichukia kwa kuwa zilifichua wizi. Patterson akatambua ya kuwa haitoshi kuunda mashine. Yapasa pia kuwafundisha watu kuiuza. Basi akafungua shule ya wauzaji, akamgawia kila mmoja eneo lake, akamwekea kiasi cha kuuza, na kumlipa kamisheni, yaani fungu la bei ya kila mashine iliyouzwa. Aliyeuza sana alipata sana.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Mshahara wa karani hulipwa biashara ikiwa njema au ikiwa mbaya. Kwa hiyo soko likianguka, mshahara huo huwa mzigo. Kamisheni sivyo ilivyo. Mauzo yakipungua, nayo hupungua. Yakiongezeka, fungu kubwa huingia katika sanduku la kampuni, na dogo humwendea muuzaji. Kumfukuza mtu kwa sababu ya pato la namna hiyo ni sawa na kumchinja ng'ombe kwa kuwa anatoa maziwa mengi.

Hata hivyo, watu hodari wa Patterson hawakuwa salama. Thomas J. Watson aliingia katika kampuni hiyo mwaka 1896, akiwa kijana aliyekwisha kuchuuza vinanda na cherehani. Mwanzoni alishindwa, kisha akajifunza, akapanda hata akawa mmoja wa wakubwa wa mauzo. Lakini kabla mwaka 1914 haujafika nusu yake, alikuwa amekwisha kuondolewa. Wala hakuwa wa kwanza, maana Patterson alijulikana kwa kuwaondoa ghafula wasaidizi waliopata nguvu mbele yake. Wahenga walisema, fahali wawili hawakai zizi moja. Kilichomponza mtumishi wa namna hiyo hakikuwa fedha alizopata, bali kivuli chake kilichorefuka karibu na kile cha bwana wake.

Mwaka huo huo wa 1914 Watson aliajiriwa na kampuni nyingine, ambayo mwaka 1924 ilipewa jina la IBM. Mara hii hakutegemea hisani ya mtu. Alifanya mapatano ya kupewa sehemu ya faida. Katika miaka ya 1930, biashara ya dunia ilipoanguka, IBM iliendelea kutengeneza mashine na kuwaweka watu wake kazini, na Watson mwenyewe akawa miongoni mwa waajiriwa waliopata fedha nyingi kuliko wote nchini Marekani.

Lakini kampuni hiyo nayo ilikuja kujifunza somo jingine. Iliweka kikomo katika kamisheni za wauzaji wake. Mwaka 1962 muuzaji mmoja, Ross Perot, alitimiza kiasi chake cha mwaka mzima mwezi wa Januari. Basi akaacha kazi, akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Mwaka 1984 kampuni ya General Motors iliinunua kwa dola bilioni 2.5. Yaonekana, basi, kwamba mwajiri anayeogopa pato la muuzaji huweza kupoteza zaidi ya alichookoa.

Je, hofu ya watu haina msingi kabisa? La, unao msingi. Wateja wakishazoea kununua, bwana aweza kudhani kwamba mtu wa ujira mdogo atatosha kuwatunza. Hatari hiyo huzidi pale ambapo sehemu kubwa ya ujira ni mshahara usiobadilika. Ndiyo maana sheria hazikuachia jambo hili nia njema ya mabwana peke yake. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri anayepunguza watu azingatie muda waliotumika, ustadi wao, uwezo wao na uaminifu wao. Muuzaji mwenye hesabu safi ya kazi yake ana ushahidi wa kusimama nao.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapoajiriwa, usiogope kupata kwa jasho lako. Uliza kwanza ujira wako umefungamanishwa na nini, na mapatano yako yameandikwa wapi. Kisha jifunze kazi vizuri, kwani Watson alipotoka Dayton aliacha cheo nyuma, lakini ustadi wake alikwenda nao.