Siri ndani ya wimbo: filamu ya kijasusi ya 1938

Leo tuachane kidogo na programu tuzungumzie filamu kuukuu isiyo na rangi: The Lady Vanishes, ya Alfred Hitchcock, iliyotoka Uingereza mwaka wa 1938. Mpenzi wa tarakilishi atapata mengi humo.

Kisa ni hiki. Bi. Froy, ajuza Mwingereza, anatoweka ndani ya treni inayokatiza Ulaya. Iris, msichana aliyekunywa chai naye, anaulizia. Abiria wanasema hawakumwona mtu kama huyo. Kumbe bibi ni jasusi. Amebeba kifungu cha mkataba wa siri kati ya nchi mbili, nacho hakimo kwenye karatasi yoyote. Kimefichwa ndani ya wimbo aliokariri.

Hapo ndipo niliponaswa. Mpekue mjumbe, hupati kitu. Msikilize akiimba, bila ufunguo unasikia wimbo tu. Leo twaficha ujumbe ndani ya picha au faili ya sauti, ila wazo ni lile lile. Udhaifu je? Nakala ni moja, kichwani mwa mtu mmoja. Kwa hivyo kabla ya kukimbia risasi, bibi anamfundisha kijana Gilbert wimbo ule. Sisi twaita bekapu! Gilbert anafika London, wimbo umemtoka, kichwani umebaki wa harusi. Bahati nzuri Bi. Froy yu hai, anaupiga kwenye piano. Nakala moja ikaharibika, nyingine ikaokoa.

Sasa utengenezaji. Hitchcock alimsimulia François Truffaut kwamba jukwaa lilikuwa na urefu wa futi 90 na behewa moja tu. Mandhari mengine yalikuwa picha zilizorushwa nyuma ya waigizaji, na vielelezo vidogo. Kijiji cha mwanzoni chenye theluji ni kielelezo, na gari linalopita ni la kuchezea.

Tena filamu haikuwa mzaha mtupu. Abiria mmoja anaamini adui atamhurumia. Anashuka akipunga kitambaa cheupe, anapigwa risasi. Filamu ilipigwa kabla ya mkutano wa Munich wa Septemba 1938, ambapo Uingereza na Ufaransa zilikubali Hitler achukue sehemu ya Chekoslovakia. Mwaka uliofuata vita vikazuka.

Kwa hivyo ndugu msomaji, ukilalamika kuwa mtambo wako ni mdogo, kumbuka behewa lile moja. Na data yako, je, iko kwenye vichwa vingapi?