Kupinda mchoro wa leso bila kupoteza jina lake

Leso iliyochorwa kwa kompyuta hutoka bapa kama karatasi. Ukimvika mwanamke wa mchoroni, haimkai mwilini mpaka uipinde. Mimi hutumia Krita, programu ya bure. Bonyeza Ctrl na T, utapata namna kadhaa za kugeuza umbo, na kila moja ina kazi yake.

Leso iliyoanikwa na kutazamwa kwa upande yataka mgeuzo wa mtazamo: vuta pembe zake nne. Mikunjo ya kiunoni yataka nukta; ukisogeza nukta moja, kitambaa kilicho karibu huifuata. Brashi ya kusukuma huivuruga rangi kama uji, basi mimi huitumia kwenye mji na pindo tu.

Jina silipitishii brashi hiyo. Herufi na zipinde pamoja na kitambaa, lakini zisomeke, kwani leso husema kwa jina lake.

Tena, kila mgeuzo hufifisha mchoro kidogo. Nakili tabaka la asili kwanza, ulifiche, kisha ugeuze nakala mara moja, si mara kumi.